Umetoka Kwenye Tope, Taa ya ABS Imebaki

Mdogo wangu mmoja wa Goba ameniletea swali ambalo naona masika yote nitakuwa nalijibu, bora nilimalize hapa. Anaendesha gari dogo la Kijapani, lile la kuvuta mbele. Mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi kilima cha kwao kimekuwa mlenda. Gari likagoma katikati. Akakanyaga mafuta, tairi za mbele zikazunguka bure, tope likaruka mpaka kwenye vioo vya milango, vijana wakasukuma, akatoka. Alipofika kwenye lami ndipo akaona dashibodi imewaka taa ya njano iliyoandikwa ABS. Fundi wa mtaani kamwambia pampu ya ABS imekufa, alete hela ikatafutwe nyingine kwa wauza spea wa Gerezani. “Dada, nitoe?”

Usitoe. Bado kabisa.

Simwiti fundi wako mwongo, maana pampu hufa kweli. Lakini taa inayowaka muda uleule umetoka kukwama ina maelezo mengine ya karibu zaidi, na hayo hayana bei. Kaa nikueleze, maana ukishaelewa hili hakuna atakayekuyumbisha gereji.

Kila tairi ina sensa yake, imejificha karibu na beringi, kazi yake kuhesabu mzunguko. Sensa zote nne zinapeleka hesabu kwenye kompyuta ndogo ya ABS, nayo inalinganisha. Barabarani hesabu zinakaribiana. Ukikata kona, tairi za nje zinazidi kidogo za ndani, hilo inalijua na halina tabu. Sasa wewe uko kwenye tope. Mbele kunazunguka, nyuma kumesimama. Mshale wa spidi unasema 40 na wewe unaangalia mgomba uleule dirishani. Kompyuta haina dirisha la kuchungulia. Inachopokea ni kwamba mbele kunakimbia, nyuma ni sifuri, na sekunde zinapita hali haibadiliki. Kwa hesabu zake, sensa za nyuma zimekufa au waya umekatika. Basi inaandika hitilafu kwenye kumbukumbu, inajitoa kazini na kuwasha taa, ili isije ikaingilia breki zako kwa taarifa isiyoiamini. Wala haijaharibika. Umeichanganya tu.

Ndiyo maana taa hiyohiyo inaweza kuwaka gereji bila tone la mvua. Fundi ananyanyua mbele kwa jeki, anaweka gia asikilize joint inayogonga, tairi za mbele zinazunguka hewani na za nyuma zimetulia chini. Gari linarudishwa kwako likiwa na taa ambayo hukuja nayo, ugomvi unaanza. Kwa wenye magari ya kuvuta tairi zote nne mambo ni tofauti kidogo: zikizunguka zote pamoja, hesabu zinakubaliana, na taa inaweza isiwake hata kama mmekwama hapo tangu asubuhi.

Na hiyo 40 ya mshale usiiamini. Ikiwa tairi moja ya mbele imenasa na mwenzake ndiyo inayozunguka, difu inampa huyo wa bure mzunguko wote, kwa hiyo kwa magari mengi mshale ukisoma 40, tairi hiyo inazunguka kama ya gari linalokwenda 80. Mpira unachemka, difu inasagika, na jiwe likichomoka chini ya tairi ya namna hiyo halichagui mguu wa nani. Waambie vijana wanaokusukuma wasisimame kwenye mstari wa tairi, mbele wala nyuma yake.

Haya, dawa ya kwanza. Tafuta sehemu tambarare, paki, zima gari kabisa, toa ufunguo, vuta pumzi. Kisha fungua swichi bila kuwasha injini na uitazame dashibodi. Taa ya ABS lazima iwake, halafu baada ya sekunde chache izime. Washa, zima redio, ondoka taratibu kwenye barabara nzuri. Magari kadhaa hujipima yakishaanza kutembea, utasikia mngurumo mfupi mbele, grrr, na umekwisha. Hiyo ni pampu inajijaribu, ile ile uliyoambiwa imekufa. Mengine hayazimi taa mpaka yatembee kidogo na kuona tairi zote nne zinasema kitu kimoja, kwa hiyo usihukumu kwa mita kumi. Taa ikizima na isirudi, umemaliza. Hitilafu inaweza kubaki imeandikwa kwenye kumbukumbu, hivyo siku fundi akipima gari kwa mashine akaikuta, mwambie ulikwama lini, aifute.

Lakini kabla hujaondoka hapo ulipopaki, angalia rangi. Njano ya ABS peke yake maana yake breki zako za kawaida zipo, ila ule msaada wa kuzuia tairi zisijifunge umelala. Unaweza kwenda nyumbani kwa tahadhari. Taa nyekundu ya breki ni habari nyingine. Kwanza hakikisha hukusahau hendibreki. Kama imeshushwa na nyekundu bado inawaka, au zimewaka nyekundu na njano pamoja, usiendeshe: oili ya breki inaweza kuwa imepungua au inavuja, na kwenye magari mengi mfumo wa ABS ndio pia unaogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma, ukizimika nyuma kunaweza kujifunga kwanza gari likageuka mgongo. Fungua boneti utazame kikopo cha oili ya breki, kisha mwite fundi aje ulipo. Hapo hata mimi siwezi kukuambia subiri.

Ukienda nyumbani na taa ya njano, endesha kama walivyoendesha wazazi wetu. Acha nafasi kubwa mbele, punguza mwendo mapema, na ukikanyaga breki ukasikia tairi zimejifunga gari linaserereka, achia pedali kidogo ukanyage tena. Taa ikiwa imezima, yaani ABS inafanya kazi, sahau mtindo huo: siku ya dharura kanyaga moja kwa moja na ushikilie, pedali itatetemeka chini ya mguu, iache itetemeke, wewe shughulika na usukani. Nimeona watu wazima wanaachia breki kwa sababu ya ule mtetemo wakidhani kuna kitu kimekatika.

Hapa kuna lawama moja niiondoe. Wengi huniuliza kwa nini gari lina ABS na bado liliteleza mlimani. ABS ni ya kusimama, haihusiki na kuondoka. Bosch na Mercedes-Benz walipoiingiza ABS ya elektroniki kwenye S-Class mwaka 1978, shida waliyokuwa wanaitibu ni dereva anayekanyaga breki kwa nguvu, tairi zinajifunga, na usukani unaacha kutii. Kuzuia tairi zisizunguke bure unapoondoka ni kazi ya mfumo mwingine, ule wenye taa ya kigari chenye mistari ya kuteleza. Huo unatumia sensa zilezile za ABS, kwa hiyo sensa ikikorofisha taa huwaka kwa makundi. Kigari kile kikipepesa wakati unateleza, kiko kazini, kiache. Kikiwaka moja kwa moja, ama kimezimwa kwa swichi ama kina tatizo.

Na swichi hiyo ijue iko wapi, kwa sababu kwenye tope zito mfumo huo unaweza kukuponza: wenyewe unahisi tairi inateleza, unakata nguvu, gari linakosa pumzi kabisa. Uzime mpaka utoke, kisha uuwashe. Nyoosha usukani. Chimbua tope mbele ya tairi zinazovuta, tia mawe madogo, matawi au gunia. Kanyaga mafuta kwa ncha ya kiatu. Tairi ikianza kuzunguka bila gari kusogea, acha hapohapo, maana kuanzia hapo unajichimbia shimo. Wadogo zangu wa Kitengela wenye ule udongo mweusi wanajua, tairi ikishajaa udongo huo inabaki duara laini isiyo na meno. Tairi kipara kule ni kujitakia.

Sasa umezima, umewasha, umetembea, na taa imegoma au inazima na kurudi. Hapo nenda gereji, tena nenda na swali moja: sensa ya tairi ipi? Mashine ya kupimia hutaja tairi, na fundi anayeijua inamwonyesha spidi ya kila tairi gari likiwa linatembea. Tatu zikisoma 30 na moja ikasoma sifuri, umempata mshitakiwa. Mara nyingi ni tope lililoganda kwenye sensa, au waya wake umevutwa na kisiki ulipokuwa unahangaika kutoka, au umekatika pale unapojikunja nyuma ya tairi. Kusafisha na kuunga waya hakufanani bei na pampu. Kama ulibadilisha beringi karibuni, mkumbushe: beringi nyingi za sasa zina pete ya sumaku upande mmoja tu, ikiwekwa kinyume sensa haioni kitu. Tairi za saizi tofauti nazo huleta fujo hii. Anayekutajia pampu kabla ya kuchomeka mashine, mshukuru kwa muda wake.

Mtihani ule wa swichi utumie pia siku unanunua gari mkononi. Ukifungua swichi na taa ya ABS isiwake hata kidogo wakati gari lina ABS, kuna mtu amechomoa balbu au ameunganisha taa hiyo na nyingine ili zizime pamoja. Nimeona hata kipande cha solotepu nyeusi nyuma ya kioo cha dashibodi, kimekatwa kwa mkasi vizuri kabisa. Muuzaji atakuambia hilo ni toleo lisilo na ABS. Fungua boneti: kama kuna dude la chuma lenye vibomba vyembamba vya breki vinavyoingia na kutoka na soketi kubwa ya umeme, ABS ipo, na bei aliyokutajia ni ya gari ambalo taa yake inawaka na kuzima.