Kabla Hujaruka, Umeuliza?

Je, umewaona vijana wa Msimbati wakijitosa baharini, kichwa mbele? Raha, sio?

Sasa mfikirie Valery Rozov, Mrusi aliyeruka na parachuti kutoka Kilimanjaro mwaka 2015. Warukaji wa majabali hubeba parachuti moja tu. La akiba halina muda wa kufunguka. Kile kiparachuti kidogo kinachovuta kubwa huchaguliwa kwa kimo: jabali likiwa fupi, kiwe kikubwa zaidi. La kurukia kutoka kwenye ndege halifai hapa. Tena mrukaji mwenye adabu huwauliza wenyeji, kwani akiumia ndio watakaombeba. Rozov, pamoja na ujuzi wake, alifia Nepal mwaka 2017 akiruka.

Wewe huna parachuti, una kina cha maji tu. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ulipojitosa maji yakijaa, baada ya saa sita hivi pana mwamba! Shingo ikivunjika, unaweza kupooza maisha yako yote.

Basi muulize mvuvi: "Shikamoo babu, hapa maji yanafika wapi?" Akisema ngoja, ngoja. (Mimi naingia kwa miguu, nichekeni tu.) Mwenzako akiumia shingo, usimkunje. Shikilia kichwa kisitikisike, uso uwe juu ya maji, piga kelele watu waje.