Mwalimu wa Ushauri Nasaha: Mjue Kabla Mambo Hayajaharibika

Somo la toleo hili linawalenga wazazi, walezi, wazee wa vijiji, wanachama wa bodi za shule na wanafunzi wenyewe. Linahusu mtu anayepatikana katika shule zetu za sekondari, kuanzia Lodwar hadi Kakuma, lakini ambaye wazazi wengi humjua siku mambo yakiwa yameshaharibika. Huyu ni mwalimu wa ushauri nasaha. Ukimaliza kusoma utajua kazi yake ni ipi, mambo gani anaweza kuyaweka siri na yapi haruhusiwi kuyaficha, na wewe unapaswa kumpa nini ili aweze kumsaidia mtoto wako.

TUANZE NA MFANO

Mfano huu tumeutunga na haumhusu mtoto yeyote, ila hali zilizomo zinajulikana na kila anayeishi hapa.

Msichana wa Kidato cha 3 katika shule ya bweni mjini Lodwar ameanza kulala darasani. Alama zake za hisabati zimeshuka. Mwalimu wa darasa amemwonya mara 2 kwa uvivu. Isitoshe, ana salio la karo, na jina lake limo katika orodha ya watakaorudishwa nyumbani Ijumaa.

Alhamisi jioni mwalimu wa ushauri nasaha anamwita. Hamuulizi kwa nini analala. Anamuuliza, "Mwanangu, ukifika nyumbani kesho ni nani atakupokea?"

Msichana ananyamaza kwa muda, kisha anajibu, "Mwalimu, sijui nyumbani ni wapi sasa."

Mvua haikunyesha. Adakar yao imehama na mifugo kuelekea mpakani, na simu ya baba haipatikani tangu muhula uanze. Jamaa pekee aliyebaki karibu na mji ni baba yake mdogo, ambaye likizo iliyopita alisikika akizungumza na wageni kuhusu mahari. Tangu wakati huo msichana hapati usingizi usiku.

Tafakari kidogo, msomaji. Kilichoandikwa kwenye daftari la nidhamu kuwa uvivu kilikuwa hofu. Na kama angetolewa langoni Ijumaa kwa sababu ya karo, angekwenda mahali pale pale alipokuwa akipaogopa.

KAZI YAKE NI IPI

Ushauri nasaha si jambo geni katika shule za Kenya. Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo chake mwaka 1971. Uzito wake uliongezeka mwaka 2001, serikali ilipopiga marufuku viboko shuleni. Mwaka huo huo jopokazi lililochunguza migomo ya wanafunzi, likiongozwa na Naomi Wangai, lilipendekeza huduma hii iimarishwe. Baadaye Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 36, ikakataza adhabu ya kimwili na mateso ya kiakili kwa mwanafunzi yeyote.

Kwa hivyo mwalimu huyu hakuwekwa shuleni ili awe mwalimu wa pili wa nidhamu. Ana kazi 4:

1. Kusikiliza. Mwanafunzi aliyefiwa, anayeonewa na wenzake, anayetumia dawa za kulevya au anayeogopa mtihani huhitaji mtu mzima wa kumsikiliza bila kumkemea.

2. Kuelekeza masomo. Humsaidia mwanafunzi kuchagua masomo au mkondo unaomfaa, kuelewa alama zinazohitajika, na kujiandaa kuomba nafasi kupitia KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo. Hapa anaweza pia kumwonyesha kwamba anayekosa alama za chuo kikuu bado ana njia, zikiwemo taasisi za mafunzo ya ufundi.

3. Kuunganisha. Penye shida ya karo humwelekeza mwanafunzi kwa wanaoshughulikia bursari. Penye ugonjwa humpeleka kwa daktari, na penye hatari humfikisha kwa afisa wa watoto.

4. Kufuatilia. Mwanafunzi asiporudi baada ya likizo, yeye huuliza yuko wapi.

Yapo pia mambo asiyoyafanya. Yeye si daktari na hatoi dawa. Hapimi ugonjwa wa akili, ila anajua dalili zinazohitaji hospitali. Hampigi wala hamwaibishi mwanafunzi mbele ya gwaride la asubuhi kwa alichomwambia ofisini.

Tukumbuke pia kwamba katika shule nyingi mwalimu huyu ana vipindi vyake vya darasani kama wengine, na wanafunzi ni mamia. Hawezi kumtambua kila mwenye shida kwa kumtazama usoni. Habari inayotoka nyumbani mapema ndiyo inayomwezesha kufika kwa mtoto kwa wakati.

HALI YA KAKUMA

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, wakati wavulana wengi waliotembea kutoka Sudan bila wazazi walipowasili. Baadaye makazi ya Kalobeyei yaliongezwa. Leo madarasa ya eneo hilo yana watoto kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na nchi nyingine, wakiwemo wenyeji Waturkana.

Katika shule hizi swali la kwanza la mshauri mara nyingi ni gumu: mzazi wa mtoto huyu ni nani? Chukua mfano mwingine wa kutungwa. Mvulana wa miaka 17 huchelewa kila siku. Akiulizwa na mwalimu wa zamu hujibu kwa mkato, na huonekana mkaidi. Mshauri anapozungumza naye anagundua kwamba yeye ndiye mkuu wa nyumba. Anawaamsha wadogo zake 3, anapanga foleni ya maji, anapika kilichopo, kisha ndipo anakuja shule. Mgao wa chakula unapopunguzwa, kama ilivyotokea katika miaka ya karibuni, mzigo wake huongezeka. Ukimwambia amlete mzazi, humpi adhabu tu, bali unamkumbusha msiba wake.

Mshauri mwema hapo hutafuta suluhisho dogo linalowezekana. Huzungumza na jirani wa kuwasindikiza wadogo shuleni, humwomba mwalimu mkuu amruhusu mvulana kuingia baada ya kipindi cha kwanza kwa muda fulani, na hulijulisha shirika linaloshughulikia watoto wasio na wazazi ili familia ile itembelewe.

Kuna jambo la pili. Mtoto wa mwenyeji humwona mwenzake akipata mgao, naye mtoto wa mkimbizi humwona mwenzake akiwa na uraia. Kila mmoja hudhani mwenzake amependelewa. Mazungumzo ya vikundi, ambapo wanafunzi wachache huketi pamoja na kila mmoja hueleza siku yake inavyokwenda tangu alfajiri, hupunguza dhana hizo kuliko hotuba ya gwaride.

Na eneo letu lina majeraha mengine. Wapo wanafunzi waliopoteza ndugu katika wizi wa mifugo. Oktoba 2017 shule ya sekondari huko Lokichoggio ilishambuliwa kwa bunduki usiku, na wanafunzi wakauawa. Mtoto aliyepitia mambo kama hayo anaweza kushtuka kwa kelele ndogo, kukosa usingizi au kuwa mwepesi wa hasira miezi mingi baadaye. Anahitaji msaada, na msaada huo hauishi siku ya mazishi.

SIRI NA MIPAKA YAKE

Wanafunzi wengi huogopa kwamba wakisema, habari itafika chumba cha walimu kabla ya kengele kulia. Wazazi nao hudhani wanafichwa mambo. Wote wanafaa kujua mambo haya 3.

Kwanza, mambo mengi hubaki ofisini: huzuni, ugomvi na rafiki, wasiwasi wa mtihani, mapenzi ya ujana, aibu ya umaskini.

Pili, mengine hupelekwa kwa mwalimu mkuu au mzazi baada ya kukubaliana na mwanafunzi, kwa mfano shida ya karo au ugonjwa. Mshauri humwambia mwanafunzi atasema nini na kwa nani.

Tatu, yapo ambayo hayafichwi hata mwanafunzi akiomba. Nayo ni ubakaji au unajisi, ndoa ya mapema, ukeketaji, kipigo cha kuumiza, na hatari ya mtoto kujidhuru au kumdhuru mwingine. Waraka wa Tume ya Huduma ya Walimu (TSC) nambari 3 wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu anayepata habari ya mwanafunzi kudhulumiwa kingono aripoti mara moja, au ndani ya saa 24. Akinyamaza, yeye mwenyewe anaweza kuchukuliwa hatua.

Mtoto aliyebakwa apelekwe hospitalini kwanza, hata kabla ya mjadala wowote wa nyumbani. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi hufaa zikianzishwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Asioge, na nguo alizovaa zisifuliwe. Zifungwe kwenye karatasi au kitambaa, si mfuko wa plastiki. Jambo hili halimalizwi chini ya mti kwa mbuzi au ngamia. Wazee wetu wana heshima yao katika kupatanisha, lakini Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inahesabu kumnajisi mtoto kuwa jinai, na jinai haiondolewi kwa fidia.

Mwanafunzi anayesema amechoka kuishi asiachwe peke yake wala asichekwe. Kaeni naye, ondoeni vitu vya hatari karibu yake, na mmfikishe kituo cha afya. Msiogope kwamba atashtakiwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa sheria iliyofanya jaribio la kujiua kuwa kosa inakwenda kinyume na Katiba.

ISHARA ZA KUANGALIA

Mzazi, mtoto anaporudi likizo, angalia: amekonda ghafla? Hataki kuzungumzia shule kabisa? Ana pesa au simu usiyojua ilikotoka? Hulala mno au halali? Ameacha marafiki zake wote? Anaugua tumbo au kichwa kila siku ya kufungua shule inapokaribia? Ishara moja si ushahidi, lakini zikiwa 2 au 3 kwa pamoja, zungumza naye kisha mjulishe mshauri.

WAJIBU WAKO

• Siku ya kumpeleka mtoto, mwone mshauri kwa dakika 5. Mwachie nambari za simu za watu 2, mmoja akiwa anayeishi mahali penye mtandao.

• Mkihama na mifugo, tuma ujumbe kupitia chifu au duka la karibu ili shule ijue mlipo na nani atampokea mtoto.

• Mwambie mshauri kuhusu kifo, utengano au ugonjwa nyumbani. Mficha uchi hazai.

• Binti akipata mimba, usimwondoe shuleni. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unampa nafasi ya kurudi na kuendelea na masomo baada ya kujifungua.

• Bodi za shule, mpeni mshauri chumba chenye mlango unaofungika na mpunguzieni vipindi. Mwanafunzi hawezi kueleza siri yake kwenye kona ya chumba cha walimu.

• Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, mchana na usiku. Mwanafunzi yeyote anaweza kuipiga mwenyewe.

TURUDI KWA MSICHANA WETU

Mshauri alizungumza na mwalimu mkuu usiku ule, na jina likaondolewa kwenye orodha. Afisa wa watoto alijulishwa kuhusu mahari. Chifu wa huko mpakani aliombwa kumtafuta baba, akapatikana baada ya siku 9, naye akasema hakujua lolote kuhusu wageni wale. Likizo msichana alikwenda kwa shangazi yake Kakuma. Fomu ya bursari ilijazwa. Karo bado haijalipwa yote, na hisabati bado inamsumbua, lakini analala usiku na yumo darasani.

Hakuna kikubwa kilichofanyika hapo. Mtu mmoja aliuliza swali sahihi siku moja kabla ya Ijumaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI AU BARAZANI

1. Je, unalijua jina la mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya mtoto wako?

2. Shule ikitaka kukupata leo, itakupataje?

3. Mtoto wako akiwa na jambo zito, ni mtu mzima gani atakayemwambia kwanza? Kama hujui, muulize jioni ya leo.