Mgongo Unauma: Je, Mashine ya Kuvuta Itafaa?

Tuseme mama yako anaishi Magunga, huko Suba Kusini katika kaunti ya Homa Bay, si mbali na mpaka wa Migori. Kwa miaka mingi amebeba maji kichwani, amelima akiwa ameinama na kuanika omena. Sasa ni mwaka mzima analalamika kwamba mgongo unamuuma. Wewe uliye Nairobi umesikia habari za mashine inayovuta uti wa mgongo na kuponya bila kisu. Ndugu zako wanauliza: tuuze ng'ombe tumlete mjini?

Kabla hujawajibu, msomaji, tafakari haya.

Mashine hii hufanya nini?

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili za mifupa. Kati ya pingili moja na nyingine kuna kisahani laini kiitwacho diski, ambacho kazi yake ni kupunguza mshtuko. Umri unaposonga diski huchakaa, na wakati mwingine hutokeza nje na kubana neva. Hapo maumivu hushuka mguuni ikiwa tatizo liko kiunoni, au mkononi ikiwa liko shingoni.

Katika tiba hii mgonjwa hulala kitandani akiwa amefungwa mikanda. Mashine humvuta polepole, ikalegeza, kisha ikavuta tena, kwa dakika 30 hivi. Mara nyingi huambiwa arudi mara 20 au zaidi, kwa muda wa wiki kadhaa. Nia ni kuzipa pingili nafasi ili neva isibanwe.

Wazo hili si geni. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, matabibu wa Ugiriki ya kale waliomfuata Hippocrates walitumia kitanda cha mbao kuvutia migongo. Kilichoongezeka siku hizi ni kompyuta.

Utafiti unasemaje?

Mwaka 2013 wataalamu wa shirika la Cochrane walichunguza majaribio 32 ya tiba ya kuvuta yaliyohusisha wagonjwa 2,762 wa maumivu ya kiuno. Walikuta kwamba kuvuta kulileta nafuu ndogo sana, au hakukuleta nafuu yoyote. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno, yaani yale yanayozidi miezi 3. Kuvuta ni miongoni mwa tiba ambazo mwongozo huo ulishauri zisitumiwe kwa wagonjwa wengi.

Wauzaji hudai kwamba mashine zao za kompyuta ni tofauti na zile za zamani. Huenda, lakini majaribio mazuri ya kuthibitisha dai hilo ni machache.

Kwa shingo, hali ni tofauti kidogo. Mtu ambaye neva yake imebanwa na maumivu yakamshuka mkononi anaweza kupata nafuu akivutwa na pia kufanya mazoezi. Huyo anaweza kujaribu, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa tiba ya viungo.

Basi mbona wapo wanaoapa kwamba mashine iliwaponya? Sababu moja ni kwamba diski iliyotokeza mara nyingi hunywea yenyewe baada ya wiki au miezi. Aliyevutwa wakati huo huisifu mashine, ilhali huenda angepona bila hiyo.

Hatari iliyojificha

Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizoathiriwa zaidi na virusi vya ukimwi nchini Kenya, na kifua kikuu huandamana na ukimwi. Ugonjwa huo haushambulii mapafu peke yake. Hula hata pingili za mgongo. Saratani pia inaweza kuenea hadi kwenye mifupa. Kuvuta mifupa iliyoliwa namna hiyo kunaweza kuivunja na kumpoozesha mgonjwa. Tena kifua kikuu cha mgongo hutibika kwa dawa, na katika hospitali za umma dawa hizo hutolewa bila malipo.

Mpeleke mgonjwa kwa daktari upesi ukiona dalili hizi:

- homa, jasho jingi la usiku au kukonda bila sababu;
- maumivu yasiyopungua hata akilala;
- maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali;
- kinundu kilichotokeza mgongoni.

Miguu ikilegea, akipata ganzi sehemu za siri, au akishindwa kukojoa au kuzuia haja, hiyo ni dharura. Usingoje hata kesho.

Mjamzito, mwenye mifupa iliyodhoofika, na aliyewekewa vyuma mgongoni hawafai kuvutwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Ni ugonjwa gani hasa mnaotibu, na mmeujuaje? Je, mtaalamu amesajiliwa na Baraza la Tiba ya Viungo nchini? Baada ya vikao vichache bila nafuu, tutasimama? Mazoezi ni sehemu ya tiba? Ukidaiwa ulipie vikao vyote mapema, au ukiahidiwa kupona kwa hakika, shika njia urudi nyumbani.

Anza na lipi?

Anza na uchunguzi. Hospitali ya rufaa iliyoko mjini Homa Bay i karibu na Magunga kuliko Nairobi. Ikiwa hakuna ugonjwa wa hatari, mama asilazwe kitandani mchana kutwa. Mwili uliolala hudhoofika. Afundishwe mazoezi ya kuimarisha mgongo na tumbo. Mtungi wa lita 20 ugawanywe kwa mitungi midogo, na vijana wamsaidie. Atembee pia. Utafiti wa Australia uliotolewa mwaka 2024, uliohusisha watu 701 waliokwisha kupona maumivu ya kiuno, ulionyesha kwamba waliofuata mpango wa kutembea walikaa muda karibu maradufu kabla ya maumivu kurudi.

Kwa hiyo wajibu ndugu zako: ng'ombe abaki zizini kwanza. Nauli ya kwenda kwa daktari ndiyo ya kutafutwa leo.