Kuagiza vifaa vya shule Yiwu: tazama kalenda kabla ya bei

Kila ikifika Novemba simu huanza kuingia: "Kaka, nataka kuagiza kalamu na mikebe China niuze Januari." Jibu langu halibadiliki. Januari hiyo imeshakupita, panga ya mwakani. Kwenye steshenari, tarehe mzigo unapoingia dukani huamua faida kuliko bei uliyonunulia. Kalamu nzuri ikifika Februari utaiuza kwa kubembeleza.

Hesabu miezi kwa kurudi nyuma

Shule zetu Tanzania hufunguliwa Januari. Wenye maduka ya mikoani huanza kufungasha Kariakoo mwishoni mwa Novemba, na Desemba nzima ni yao. Meli kutoka bandari ya Ningbo hadi Dar es Salaam huchukua mwezi mmoja hadi mwezi na nusu. Ukijumlisha na kutoa mzigo bandarini, tenga miezi miwili. Kiwanda nacho kitaomba wiki kadhaa za kutengeneza, na kuanzia Oktoba 1 Wachina huwa na mapumziko marefu ya sikukuu ya taifa. Kwa hiyo oda iwekwe Julai. Agosti ni mwisho.

Kuna msimu wa pili ambao wengi hawautazami. Kongo shule hufunguliwa Septemba, na wateja wa Lubumbashi hutafuta mzigo Julai na Agosti. Ukiwalenga hao, oda yako iwe imeshaondoka China kufikia Mei. Usisahau pia Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari. Viwanda hufungwa, na oda iliyowekwa Desemba mara nyingi hulala hadi Machi.

Nunua kinachobana nafasi

Madaftari nimewaachia viwanda vya hapa nyumbani. Yanajaza kontena upesi, na faida ya daftari moja ni kiduchu. Mimi naleta kalamu, mikebe ya hesabu, rula, vichongeo, stepla na kalkuleta.

Ukichangia kontena na wenzako, utalipa kwa CBM, yaani mita moja ya ujazo. Kabla hujaulizia bei, muulize muuzaji katoni ina vipimo gani na vipande vingapi. Katoni ya sentimita 50 kwa 40 kwa 30 ni CBM 0.06, kwa hiyo CBM moja inabeba katoni 16. Gawa nauli kwa 16, kisha gawa kwa idadi ya vipande. Katoni hiyo ikibeba kalamu 2,000, nauli ya kalamu moja huwezi kuihisi. Ikibeba vipochi 200 vya penseli, kila kipochi kinabeba nauli ya kalamu kumi, na sehemu kubwa ya unachosafirisha ni hewa.

Ukiwa sokoni

Soko la kimataifa la Yiwu limegawanywa kwa maeneo, na steshenari iko eneo la tatu. Usinunue siku ya kwanza. Zunguka, piga picha, andika namba za vibanda, linganisha.

Mimi hubeba daftari la kawaida la shule kutoka nyumbani. Karatasi ya pale kibandani huwa nyororo, kalamu yoyote itateleza juu yake. Kwenye daftari letu nachora miduara mfululizo ukurasa mzima. Ikianza kukwaruza au kuruka, naiweka kando. Inayomaliza ukurasa naipitishia kidole papo hapo nione kama wino unapakaa, kwa sababu mwanafunzi ataegemeza mkono palepale alipoandika. Rula nailaza sambamba na rula ya chuma, sifuri kwa sifuri, kisha natazama kama zinakutana kwenye 30.

Kalamu yenye nembo ya kampuni maarufu kwa bei ya kutupa usiiguse. Ni bandia, na Tume ya Ushindani ikiikamata umepoteza mzigo.

Amana ya kawaida ni asilimia 30. Malizia malipo baada ya wakala wako kuhesabu katoni ghalani na kufungua chache, akilinganisha na sampuli uliyomwachia.

Kodi iwe ndani ya bei tangu mwanzo

Ushuru hukokotolewa juu ya thamani ya mzigo pamoja na bima na nauli. Viwango vya Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35, hivyo mpe wakala wa forodha orodha ya bidhaa akuambie kila moja inaangukia wapi kabla hujalipa amana. Tuseme mzigo umefika kwa thamani ya shilingi milioni 10 na kiwango chako ni asilimia 25. Ushuru ni milioni 2.5. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya milioni 12.5, nayo ni milioni 2.25. Hapo unadaiwa milioni 4.75, na tozo nyingine na gharama za bandari bado hazijaingia.

Kuuza jumla

Agiza kalamu kwenye maboksi ya 50, yenye idadi iliyochapwa ubavuni. Mteja wa Tunduma anapakia usiku, hana muda wa kuhesabu moja moja. Bluu iwe sehemu kubwa ya mzigo, nyeusi ifuate, nyekundu kidogo kwa ajili ya walimu.

Mali kauli huwezi kuikwepa Kariakoo, ila iwekee mipaka. Mimi simpi mteja mzigo mpya kabla hajafuta deni la awali, hata tuwe tumezoeana vipi, na madeni yote ya msimu nayadai kabla ya Februari kwisha, wakati fedha ya mauzo bado iko mikononi mwao. Deni likivuka hadi Mei, amana ya oda ya Julai utaitoa wapi?