Dafu haliui bakteria

*Daktari, nina mimba ya miezi sita. Wiki ya pili hii mkojo wanichoma, na usiku silali kwa kwenda msalani. Mavyaa yangu anikatia dafu kila asubuhi, asema litasafisha figo. Tangu juzi naona nafuu. Niendelee? – Msomaji, Gongoni*

Dada, nenda kituo cha afya leo.

Dafu lenyewe ni kinywaji kizuri kwa mjamzito, hasa kwa joto letu hili. Lakini kinachokuchoma ni bakteria, mara nyingi wale waitwao E. koli, ambao makao yao ni utumbo mkubwa, na dafu haliui bakteria. Huzimua mkojo tu. Mkojo mwepesi hauchomi kama mzito, ndiyo nafuu uliyoiona, na huku wadudu wamebaki kibofuni wakizaana. Nafuu hiyo ndiyo hatari yenyewe. Nimepokea akina mama wanaotetemeka kwa homa, wanatapika, wameshika ubavu, na karibu kila mmoja huniambia, "Daktari, mbona nilikuwa nimepata nafuu?" Wengine walishameza dawa ya malaria bila kupimwa. Kumbe maambukizi yamepanda figoni, na hapo uchungu waweza kuanza kabla ya wakati. Mtoto wa miezi sita mapafu yake hayajakomaa.

Kuchoma au kutochoma si kipimo. Katika wajawazito 100, kati ya 2 na 10 huwa na bakteria mkojoni bila kuhisi chochote, na wasipotibiwa, hadi 30 katika kila 100 wa hao huweza kuugua figo. Ndiyo maana tangu 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza watibiwe kwa siku 7 hata kama hawaumwi.

Mimba hulegeza mirija ya mkojo, mkojo ukatuama, na bakteria wakapata njia rahisi ya kupanda figoni. Hilo lakutosha kujua.

Wala usiniambie wangojea tarehe iliyoandikwa kwenye kitabu cha mama na mtoto. Tarehe ile ni ya mama asiye na dalili. Wewe umeshangoja wiki mbili, na nasema bila kukuficha: umekawia.

Ukipewa chupa, acha mkojo wa mwanzo upite, ukinge wa katikati. Ukiandikiwa dawa, iwe amoksilini au sefaleksini, imalize yote hata mchomo ukiisha siku ya pili, kisha urudi upimwe tena. Usinunue siproflokisasini dukani kwa kuwa ilimponya jirani. Mjamzito kwa kawaida hatumpi. Na ukishikwa na homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya ubavuni, au tumbo likawa lakaza na kuachia, nenda moja kwa moja hospitali ya Malindi, hata kama ni usiku wa manane.

Mavyaa umpe salamu zangu, na umwombe afuatane nawe. Dafu la leo aliweke mpaka umeshatoa mkojo wa kupimwa, kwani mkojo uliozimuliwa huweza kuwaficha bakteria wale wale tunaowatafuta.