Somo la Jiografia: Kwa Kinga Kando ya Mfereji



Wengi wetu tunakuja masomoni kwa kinga, na tunajua kama kinga inapenda njia ya sawasawa. Mlima unaichokesha. Leo tutasoma juu ya njia moja ndefu ambayo inatoka milimani na, hata hivyo, karibu haina mlima. Iko Marekani, kando ya mto Potomac. Inatoka mji wa Cumberland na kufika Georgetown, ndani ya Washington: kilometa 297. Tukienda pole pole, kilometa 60 kwa siku, tutafika siku ya tano. Basi tuipande mu mawazo.

1. Njia ilikuwa ya nani?

Haikuwa ya watu wa kinga. Ilikuwa ya nyumbu, yaani mtoto wa punda dume na farasi jike. Mto Potomac una maporomoko, na mashua za mizigo hazikuweza kuyapita. Sisi wa Kongo tunaijua shida hiyo: juu ya maporomoko ya Boyoma, ilibidi kujenga reli ya kilometa 125 toka Kisangani mpaka Ubundu. Kule Potomac walichimba mfereji kando ya mto, jina lake Chesapeake and Ohio. Kazi ilianza tarehe 4 Julai 1828. Nyumbu walitembea ukingoni wakivuta kwa kamba mashua zenye kujaa makaa ya mawe. Njia yao njo ile tunapitisha kinga leo.

2. Ngazi ya mayi

Cumberland iko meta 184 juu ya Georgetown. Mayi ya mfereji lazima yatulie, yasikimbie kama mto. Sasa mashua itashuka namna gani? Walijenga vyumba vya mawe 74, kila kimoja na mlango wa juu na mlango wa chini. Mashua inaingia, mlango wa juu unafungwa nyuma yake. Mayi yanatolewa kidogo kidogo, na mashua inashuka pamoja nayo. Kisha mlango wa chini unafunguliwa, mashua inaendelea. Hakuna masini ya kuishusha: uzito wa mayi wenyewe njo unafanya kazi.

Tufanye hesabu. Gawa 184 kwa 74: tunapata karibu meta 2 na nusu kwa kila chumba. Mpanda kinga anaisikia hesabu hiyo mu miguu: sawasawa kwa muda mrefu, kisha mteremko mfupi pembeni ya chumba, na tena sawasawa.

3. Giza la Paw Paw

Tukifika karibu kilometa 46 toka Cumberland, tunashuka ku kinga, tunawasha taa na kuisukuma. Hapo mfereji na njia vinapita ndani ya mlima, meta 950. Walifikiri kuutoboa kwa miaka 2. Walianza mwaka 1836, na mashua zikapita 1850!

Tena reli moja ilianza siku ile ile ya 4 Julai 1828. Yenyewe ilifika Cumberland mwaka 1842, miaka 8 mbele ya mfereji. Kwa hiyo mfereji haukufika kamwe mto Ohio, ingawa njo ulikuwa mpango wa kwanza. Mwaka 1924 mafuriko yaliuharibu, na kazi ya mashua za mizigo ikaisha.

4. Mwamuzi aliyetembea

Serikali ilinunua mfereji mwaka 1938. Baadaye watu wakataka kugeuza pahali pale kuwa barabara ya motokari, na mu Januari 1954 gazeti moja kubwa la Washington likaunga mkono. William O. Douglas, mwamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani, hakukubali. Lakini hakuwatukana waandishi. Aliwaita watembee naye toka Cumberland, waone kwa macho yao. Mu Machi walitembea siku 8. Watu 58 walishiriki, na 9 tu walimaliza njia yote kwa miguu. Gazeti likageuza mawazo yake. Mwaka 1971 mfereji ukawa hifadhi ya taifa, na njia ya nyumbu ikabaki ya watu wa miguu na wa kinga.

Sisi tunaona somo hapa. Mtu ndani ya motokari angesema: huu ni mtaro wa zamani, ufukiwe. Yule anayepita pole pole anahesabu vyumba, anagusa mawe, anauliza nani aliyachonga. Kabla ya kusema kitu hakina faida, tukipite kwanza kwa miguu.

Maswali

1. Sababu gani mfereji ulihitaji vyumba 74?
2. Reli ilishinda mfereji kwa nini?
3. Kwenu kuna njia gani ya zamani iliyoachwa? Uliza wazee nani aliikata na kwa kazi gani, kisha uipite mwenyewe.