Uyoga Mdogo wa Rangi Kali: Namna ya Kuutambua

Wakati wa mvua ndefu, wakazi wa Lurambi waendao Msitu wa Kakamega huweza kuona chini ya miti uyoga mdogo sana, mwekundu, wa manjano au wa rangi ya chungwa. Watoto huuchuma kwa uzuri wake. Je, ni uyoga gani? Rangi peke yake haitoshi kujibu.

Huenda ni wa jamii iitwayo Hygrocybe, maana yake kwa Kiyunani ni kichwa chenye unyevu. Upimeni hivi:

Kwanza, geuzeni kofia yake. Chini mtaona vikunjo vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Katika jamii hii ni vinene na vimeachana.

Pili, sugueni kikunjo kwa vidole. Kitateleza kama nta ya mshumaa.

Tatu, wekeni kofia juu ya karatasi nyeusi, mkaifunike kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi mtakuta vumbi jeupe.

Nne, tazameni shina: halina pete, wala mfuko chini yake.

Lakini kuujua si ruhusa ya kuula. Amanita phalloides, uyoga uuao watu wengi kuliko wote duniani, una rangi hafifu ya kijani, na kupika hakuondoi sumu yake. Dalili zake hukawia saa sita au zaidi. Basi mtoto akila uyoga msioujua, mpelekeni hospitali upesi, pamoja na kipande chake, hata kama bado anacheza.